Miaka Yangu ya Kufua Mashuka ya Wagonjwa

Siku waliponiaga kazini, watu wakiwa bado wanakula pilau, nesi mkuu aliniinamia sikioni akasema, "Mzee Desderi, usiondoke na sabuni zako zote kichwani. Tuandikie." Nikadhani ni maneno ya sherehe, yale yanayosahaulika sahani zikishaoshwa. Wiki haikuisha, Neema, binti aliyeshika nafasi yangu, akanipigia simu kuuliza kwa nini mashuka meupe yanatoka na rangi ya majivu. Nikamweleza. Akapiga tena kuuliza habari za madoa ya dawa. Nikamweleza. Alipopiga mara nyingine alinikuta nimelala mchana, jambo nililolitamani maisha yangu yote ya kazi, nikaona heri niandike.

Kwa hiyo, Neema, haya ni yako na wenzako wa chumba cha kufulia. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipandishwa, wakanipongeza, na asubuhi iliyofuata maji yalikuwa ya baridi vilevile.

Nilikuja Sumbawanga kutoka Mwazye nikiwa kijana, nimechoka kulima mahindi ya baba yangu na nikiamini kwamba mjini watu hawainami. Niliomba kazi ya ulinzi hospitalini. Nikaambiwa walinzi wametosha, lakini dobi mmoja ameacha kazi. Sikujua aliacha kwa nini. Nilijua kabla ya saa ya chai.

Mkuu wa chumba cha kufulia alikuwa Mama Skolastika, sisi tukimwita Mama Skola, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kuliko yangu, aliyekuja kwa miguu kila asubuhi kutoka Kasense, mvua au baridi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto wa wapi wewe?"

"Mwazye, mama."

"Kwenu nani anafua?"

"Mama yangu na dada zangu."

"Basi hujui kitu. Afadhali. Wanaojua nusu ndio wananisumbua."

Akanipa shuka lililotoka wodi ya wazazi, lina damu, akanionyesha ndoo na mapipa, akasema nianze. Nikaenda moja kwa moja kwenye pipa la maji ya moto, maana ndivyo mtu mwenye akili anavyofikiri: uchafu mbaya, maji makali. Akanishika mkono kabla sijalitumbukiza.

"Unataka kuipika? Damu ukiipika inashika. Itakaa humo mpaka shuka life. Damu ni maji baridi, kwanza, peke yake, bila sabuni. Iache itoke yenyewe. Mafuta ndiyo ya maji ya moto."

Siku ile sikufua kitu kingine. Kazi yangu ilikuwa kutenganisha: ya damu huku, ya kinyesi na matapishi kule, yenye jasho tu pale. Na kukunjua kila shuka polepole, bila kulikung'uta, kwa sababu ndani yake hubaki vitu: mkasi, sindano, kijiko, rozari, na mara moja meno ya bandia ya mzee mmoja aliyekuwa akiyatafuta wodi nzima. Chai ilipokuja sikuweza kuinywa. Mama Skola alinywa yake, akanywa na yangu, akasema baridi ya leo haifai kupoteza chai.

Nyumbani nilipata shida nyingine. Nilikuwa nimemchumbia Gaudensia, na shemeji zangu waliposikia nafanya kazi gani walicheka mpaka mmoja akatoka nje. "Tunamwoza dada yetu kwa mfua nguo," walisema. Gaudensia akawajibu kwamba afadhali anayefua kuliko wao wanaochafua. Nikamwoa haraka kabla hajabadili mawazo.

Sasa niseme vifaa, maana ndivyo vilivyonila mgongo. Tulikuwa na mashine moja kubwa ya chuma yenye pipa linalozunguka, ya zamani kuliko mimi. Ikizunguka, sakafu ilitetemeka na bati likaitikia. Ilifanya kazi siku ilipojisikia. Siku nyingine zote tulikuwa na makarai, mapipa yaliyokalia kuni, mwiko mrefu wa mbao wa kukorogea mashuka kama ugali wa msiba, gambuti, na kamba za kuanikia zilizovuka uwanja wote wa nyuma. Kiangazi upepo huleta vumbi jekundu, na shuka uliloanika jeupe unalianua limekuwa rangi ya tofali, unaanza upya. Miezi ya baridi kali kitu hakikauki hata kama jua linawaka, na mikono inapasuka kwenye viungo. Mama Skola alitupaka mafuta ya mgando kila jioni, mmoja mmoja, kama mama anayepaka watoto kabla ya kwenda kanisani.

Sabuni alinifundisha kwa kushika. Alikuwa hasomi maandishi ya kwenye paketi. Alisema yameandikwa na muuzaji. Sabuni ya mche aliikata katikati akaangalia ndani. Ikiwa laini kama siagi, bado ina maji mengi, itayeyuka mkononi kabla ya kazi kuisha; aliipanga juu ya rafu ikauke kwanza. Ikikatika ikawa chengachenga, imechanganywa na vitu visivyo sabuni. Iliyo nzuri hukatika safi, haichomi pua, na ukiisugua kwenye kiganja chenye maji inateleza halafu inaondoka. Neno hilo la kuondoka ndilo alilolisisitiza. Wanunuzi wote huuliza kama sabuni inatoa uchafu. Yeye aliuliza kama sabuni yenyewe inatoka.

Tulikaa hivyo miaka kadhaa, nikajifunza, nikazoea harufu, nikaanza kunywa chai yangu mwenyewe. Kisha ikaja baridi moja ambayo nataka niieleze vizuri, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii ni ya nini.

Mwaka ule pampu ya maji iliharibika. Bomba lilitoa maji asubuhi tu, tena kwa kunyong'onyea, na tangi la mvua lilikuwa limekauka tangu mwezi uliotangulia. Wakati huohuo stoo ilipokea sabuni mpya ya unga, magunia kwa magunia. Bwana Kizito, mtunza stoo, aliinunua kwa nia njema kabisa. Ile ya mche ilikuwa imeadimika mjini. Muuzaji aliyeileta alituambia kwa majivuno, "Hii, wazee wangu, inafua yenyewe."

"Basi mimi naenda nyumbani," Mama Skola akamwambia.

Lakini tuliipenda, nisiseme uongo. Ukitia kikombe kimoja povu lilifurika hadi sakafuni. Ilinukia maua. Wodi zikanukia maua. Watu waliokuja kuwaona wagonjwa walisimama mlangoni wakavuta pumzi wakasema hospitali imebadilika. Kwa maji tuliyokuwa nayo tulisuuza mara moja, tukaanika, tukashukuru Mungu.

Asubuhi moja Nesi Anjelina wa wodi ya majeraha alishuka mwenyewe kwenye chumba chetu, amebeba shuka safi mikononi. Alikuwa mtu mpole, hakuwahi kuja kwetu kulalamika.

"Kaka Desderi, shika hili."

Nikalishika. Jeupe, linanukia.

"Sasa jisugue nalo hapa, ndani ya kiwiko."

Nikajisugua. Lilikwaruza kama gunia la mkaa.

"Nina mtoto pale juu ameungua," akasema. "Mgongo na mapaja. Kila tukimbadilishia shuka anapiga kelele mpaka anaishiwa sauti, na ngozi iliyobaki nzima imeanza kuwa nyekundu na vipele. Tulidhani ni kidonda kimeingia wadudu. Jana shuka ziliisha, nikamlaza juu ya kanga kuukuu ya mama yake. Akanyamaza. Nimekaa nikifikiri usiku kucha."

Mama Skola alichukua pembe ya lile shuka, akalitumbukiza kwenye ndoo ya maji safi, akalifikicha kidogo. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele, na povu likapanda juu. Shuka lile lilikuwa limeshafuliwa, limeshasuuzwa, limeshakauka, limeshapigwa pasi, na bado lilikuwa limejaa sabuni.

"Asante, mwanangu, kwa kuja," alimwambia Anjelina. "Kesho usimlaze mtoto kwenye shuka lolote ambalo sikukuletea mwenyewe."

Akavua aproni akaenda stoo. Nilimfuata, nikidhani kutakuwa na ugomvi. Hakupandisha sauti.

"Baba Kizito, sikulaumu. Naomba sabuni ya mche."

"Mama, sina. Walahi sina hata kipande."

"Basi tutaona."

Mchana wake Kizito alikuja kwenye chumba chetu na mfuko wa rambo. Ndani mlikuwa na miche ya sabuni, mingine mizima, mingine imeshatumika nusu, mmoja una alama za vidole vya mtoto. Alikuwa amepita nyumbani kwake na kwa majirani zake. Akauweka mezani akasema mke wake ametuma salamu, akaondoka kabla hatujamshukuru.

Sabuni ikapatikana, maji hayakupatikana. Kulikuwa na chemchemi bondeni, njia ya kwenda Kasense, maji yake matamu, yasiyogandisha sabuni. Nikapewa mkokoteni na madumu. Kushuka ilikuwa rahisi. Kupanda, Neema, ndiko nilikopata hili bega unalolijua, ambalo kila mara ulinicheka nikishindwa kufikia kamba. Nilikwenda asubuhi, barafu nyembamba ikiwa bado kwenye nyasi za kivulini, nikaenda tena mchana, na watu wa njiani wakiniuliza kama nimeanza biashara ya maji.

Tukaanza kufua kwa mkono mashuka ya wodi ile moja tu, mengine tungeyafanyaje? Sabuni tuliikwangua ikawa nyuzi, tukaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, tukaloweka, tukafikicha bila haraka, tukasuuza, tukasuuza tena, mpaka pembe ya shuka ikitumbukizwa kwenye bilauri maji yabaki kama yalivyokuwa. Kisha pasi ya mkaa pande zote mbili. Mama Skola alinyoosha la mtoto mwisho kabisa, akalikunja likiwa na joto, akanipa nikimbie nalo juu kabla halijapoa.

Siku ya kwanza au ya pili ya kazi hiyo, mwanamke mrefu alisimama mlangoni kwetu. Alikuwa mama wa mtoto, anaitwa Minza, mfugaji kutoka kule chini Bonde la Rukwa, watu wake walihama zamani kutoka Usukuma na ng'ombe zao. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini alikisema bila aibu.

"Mtoto amelala," alisema. "Mimi nikikaa pale, namtazama tu. Nipeni kazi."

Nikamwambia ndugu wa wagonjwa hawaruhusiwi kuingia humu, kuna uchafu wenye magonjwa. Ndiyo ilikuwa sheria, na ni sheria nzuri. Mama Skola alivuta karai moja kando.

"Desderi, mpe glavu. Atafua ya mwanawe peke yake, kwenye karai lake peke yake."

Alifua vizuri kuliko mimi. Aliuliza mambo machache, kila alichoambiwa alikishika. Siku ya pili alikuwa amejua ya damu na ya mafuta, na alipima suuzo lake kwenye bilauri akiiinua juu kwenye mwanga wa dirisha. Habari ya ajali aliieleza mara moja tu, akiwa ameinama: chungu cha maziwa kilikuwa jikoni, mtoto alitaka kusaidia kukiteremsha. Hakuirudia na sisi hatukumwuliza.

Mtoto aliitwa Kabula. Nilimwona nilipopeleka shuka, nikasimama kando wakati Nesi Anjelina na mama yake wakimgeuza. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kelele. Alivuta pumzi tu, akafumba macho, akaweka shavu juu ya kitambaa. Halafu akasema kitu kwa Kisukuma, sauti ndogo.

"Anasemaje?" nikauliza.

Minza akanitafsiria. "Anauliza, jua limeingia humu ndani?"

Ilikuwa ni lile joto la pasi. Nikamwambia mama yake amjibu kwamba ndiyo, limeingia, na kesho litaingia tena. Toka siku hiyo sikuhitaji kuambiwa nikimbie.

Nilianza kuamini kwamba atapona. Anjelina naye aliamini kidogo. Vipele vilikuwa vimekauka, analala mchana, anakula uji. Minza aliwahi hata kucheka siku ambayo mashine yetu kubwa iliamka yenyewe na kumtia hofu Kizito, akamwaga chai. Lakini majeraha makubwa yana njia zake, na madaktari walifanya walichoweza. Homa ilirudi. Ikapanda. Asubuhi moja nilipofika na mkokoteni wa maji nilimkuta Mama Skola amekaa kwenye benchi, kitu ambacho hakukifanya kamwe kabla ya saa ya chai, nikajua.

Shuka la Kabula lilishuka kama kawaida, kwenye fungu lile lile na ya wengine. Kazi yetu haina adabu. Kitanda kikiwa wazi shuka huja kufuliwa ili mwingine alale. Tulikuwa bado tunalitazama lile fungu Minza alipoingia. Hakulia. Alichagua shuka la mwanawe, alilijua bila kuuliza, akavaa glavu. Mama Skola alinyoosha mkono kumpokea.

"Lete, mama. Hili nitafua mimi."

"Hapana."

Akalitia kwenye maji baridi kwanza. Akasubiri. Akabadilisha maji. Akasugua sabuni, akafikicha pembe hadi pembe, akasuuza, akapima kwenye bilauri, hakuridhika, akasuuza tena. Akaenda kulianika. Tulidhani hapo ndipo atakaa chini. Akarudi, akachukua shuka jingine, la mgonjwa ambaye hakumjua, akalitia kwenye karai. Mama Skola akanipa ishara nisimkataze. Tukafua pamoja sote watatu, mpaka kaka yake Minza, Masanja, alipofika mlangoni. Walikuwa wamepata gari la kubeba mahindi la kuwarudisha bondeni na mwili.

"Dada, gari linasubiri," alisema.

"Ngoja nisuuze."

Masanja alivua kofia akangoja. Minza alisuuza mpaka mwisho. Akavua glavu, akazipanga juu ya ukingo wa karai, moja juu ya nyingine, akatushika mikono kila mmoja, akaenda.

Jioni, wakati wa kupaka mafuta, nilimwambia Mama Skola kilichonikaa rohoni: kwamba maji yote yale, na bega langu, na miche ya sabuni ya nyumba za watu, havikumponya mtoto.

"Nani alikwambia sisi tunaponya?" akasema. "Walioajiriwa kuponya wako juu. Wewe umeajiriwa ili mtu alale. Alilala?"

"Alilala."

"Basi. Lete huo mkono mwingine."

Sikuridhika na jibu hilo wakati ule. Nilikuwa bado kijana, nilitaka kazi yangu iwe na mwisho mzuri. Nimelibeba kwa miaka, na bado sijapata lililo bora zaidi.

Baada ya hapo Kizito hakununua tena sabuni bila kutuletea kidogo tuijaribu kwanza. Nanyi msikubali vinginevyo. Muuzaji akija, mwombeni kiasi kidogo, fueni kitambaa kimoja kwa maji mliyo nayo siku hiyo, siyo maji mnayoyatamani. Kikikauka, jisugueni nacho ndani ya kiwiko. Unga wa kufulia kwa mkono msiutie kwenye mashine, utawafukuza chumbani kwa povu. Mashine inataka usio na povu jingi. Rangi ile ya majivu uliyoniuliza, Neema, ni sabuni nyingi kwenye maji magumu: inaganda kwenye nyuzi na kushika uchafu. Punguza sabuni, ongeza suuzo. Watu hawaamini, kwa sababu kupunguza kunaonekana kama uvivu. Madoa ya kahawia ambayo hayatoki ni dawa ya kusafishia ngozi iliyokutana na klorini. Ukishayapata umeshachelewa, kwa hiyo suuza dawa yote kabla klorini haijagusa kitambaa. Na klorini msiichanganye kamwe na dawa ya kuoshea choo. Ule moshi unaua mtu aliyekuwa na nia ya usafi tu.

Mama Skola alistaafu akiwa hawezi tena kufunga vifungo vya koti lake. Nilikuwa namtembelea Kasense siku za Jumapili. Alikuwa amekataa kabisa kufua. Wajukuu walifua, naye alikaa dirishani amewapa mgongo, akisema hataki kuona. Alipofariki, wanawake wa jumuiya walikuja na mashuka mapya ya kumvika. Mapya, yenye wanga wa kiwandani. Niliwaomba wanipe nafasi kidogo niyasuuze. Wengine walinuna, msiba ulikuwa na mambo mengi, lakini binti yake alinielewa, akaniletea maji mwenyewe.

Baada yake miaka ilikwenda kwa kufanana. Tukapata mashine mpya, inaongea kwa taa. Ukaja wakati wa barakoa, ambapo kila mtu aliogopa mashuka yetu na hakuna aliyetaka kukaa karibu nasi kwenye chakula. Sisi tulikuwa tumezoea, tulikula kwa nafasi. Vijana wakaingia, wakaniita mshikaji, nikaitika. Kila mwaka baridi ilikuwa kali kidogo zaidi, au ni mimi. Siku za mwisho nilikuwa nikifika kazini nakaa kwanza kwenye benchi kabla ya kuvaa gambuti, na ninyi mkijifanya hamnioni. Niliwaona mkijifanya. Asanteni.

Sasa niko nyumbani. Nilidhani uchovu ungeondoka nikiacha kazi, kumbe ulikuwa unangoja nipate nafasi. Naamka saa zilezile. Vidole vinakataa kushika kikombe mpaka jua litoke. Juzi Gaudensia alitoa mablanketi yote kuyafua kabla baridi haijaanza, nikamwona anahangaika na lile kubwa la sufu, limejaa maji, zito kama ndama. Nikainuka.

"Kaa, Baba Tekla," akasema. "Wewe umefua vya kutosha."

"Nakusaidia kukamua tu."

Nikashika ncha moja, yeye nyingine. Nikajaribu kusokota. Mikono haikutaka. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama, ncha yake ikimteleza. Viganja vyake navyo vina miaka kama vyangu, na havikuwahi kuagwa kwa pilau. Blanketi likaning'inia katikati yetu likitumwagia maji miguuni.

"Sufu haikamuliwi," nikamwambia. "Inaharibika umbo. Inaachwa ichuruzike."

"Hayo ni maarifa au ni uchovu?"

"Yote mawili."

Akacheka. Tukalibeba hivyohivyo hadi kwenye ua, tukalitupia juu ya fito, tukakaa kwenye kizingiti, mabega yetu yamegusana, tukaliacha lichuruzike.